Mayai ya Kabati la Vitabu

Jumatatu, 2 Juni 1975

Siku kubwa! Nimechaguliwa kiongozi wa kikundi cha kusoma, kampeni ya chakula bora. Kura nane kwa tatu. Stanslaus Mogesi, karani wa pamba, ndiye aliyepata hizo tatu, na moja kajipigia mwenyewe. Kisha akanipa mkono wa pongezi, wa baridi.

Ufunguo wa kabati la maktaba ya kijiji unabaki kwangu. Nauvaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Vitabu sitini na kimoja, chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Nani atavitunza kama mimi? Nimevipanga kwa urefu. Kila alasiri nafungua, nanusa karatasi, nakaa kwenye benchi na riwaya ya upelelezi. Niko ukurasa wa thelathini. Tajiri kafia mezani, kijiko mkononi, na haijulikani nani kamuua. Raha tupu!

Jambo moja limenikera. Nesi Kokushubira, aliyeletwa huku kutoka Bukoba, alitaka tupimwe uzito ili ionekane kampeni itatubadilisha vipi. Mizani ya zahanati ni ya watoto wachanga, basi tukapimwa kwenye mizani ya pamba. Yaani kwa Stanslaus. Mimi kilo themanini na nne. Akaisoma kwa sauti mara mbili. Akaongeza kwamba siku hizi mwenye kitambi ni bepari, au anakula na mabepari. Kina mama wote tisa wakacheka. Nesi hakucheka, alisema kiongozi ni mfano kwa wengine, kwa hiyo nipunguze.

Bwana Elimu, afisa elimu wa wilaya, atakuja kutoka Mugumu Jumamosi ya tarehe 28. Akikuta kikundi kimepiga hatua, tunaletewa sanduku la vitabu vipya. Akikuta hakijapiga hatua, ufunguo atapewa mtu mwingine. Stanslaus alikuwa anaitazama shingo yangu. Aitazame tu, kutazama ni bure.

Alhamisi, 5 Juni

Somo la leo: mayai. Kitabu cha kampeni kinasema mama mjamzito na mama anayenyonyesha ale yai mara kwa mara. Kila mama kaleta mawili kutoka kwake. Kumi na manane. Tukayachemsha, nikasoma, nikasubiri.

Hakuna aliyegusa! Bibi Boke, mkubwa wao, kaeleza kwa upole kwamba mwanamke wa huku hali yai. Mama yake hakula, bibi yake hakula. Atakayekula atazaa mtoto mwenye kipara. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nina kipara, na mama yangu hajawahi kuonja yai. Nikaona ninyamaze.

Hata Robi, mke wangu, kasukuma yake pembeni. Ananyonyesha Gati wetu wa miezi minne, na kakonda kweli.

Wakaenda zao. Nikabaki na mayai kumi na manane, yameiva, bado ya moto. Nesi yuko zahanati. Kuwarudishia ni kuitia kampeni aibu. Kuyatupa ni hujuma kwa taifa. Nikayafungia kabatini, nyuma ya vitabu vya kilimo ambavyo hakuna anayeviazima. Nikaandika kwenye daftari la kikundi: mayai kumi na manane yameliwa. Yalikuwa bado hayajaliwa yote wakati huo, lakini nilikuwa njiani.

Yai, chumvi, riwaya! Mpelelezi kagundua kwamba sumu ilikuwa kwenye mchuzi. Nilikula sita bila kuinua macho.

Mpango umejileta wenyewe. Wataleta mayai kila Jumatatu na Alhamisi, na mwiko wao utayalinda. Mimi nitasoma somo chinichini, bila kulitia nguvu. Alhamisi ya tarehe 26 ndipo nitasoma kwa sauti yangu halisi. Watashawishika, watakula, na Jumamosi watakula tena mbele ya Bwana Elimu. Kikundi kitakuwa kimepiga hatua, na ufunguo utabaki hapa hapa. Stanslaus hawezi kubuni kitu kama hiki hata apewe mwaka mzima.

Jumanne, 10 Juni

Nesi kanishauri kukimbia asubuhi. Kwao watu wa ofisini hukimbia, kitambi kinaisha, moyo unapata nguvu. Nikaona sawa. Mayai na mbio vitasawazishana.

Nikatoka alfajiri, kaptura na viatu vya mpira, kuelekea njia ya Morotonga. Hewa safi! Nikapita kwa mzee Nyangwine, anakamua. Kaniona. Hakuuliza kitu. Kapiga yowe!

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nilisahau vipi? Huku mwanamume mzima hakimbii alfajiri ila kwa sababu moja: ng'ombe wameibwa. Yowe likapokewa nyumba ya pili, ya tatu, ng'ambo ya mto. Nilipofika mtoni nyuma yangu kulikuwa na wanaume kama ishirini, pinde na mishale, wengine mashuka mabegani. Wananiuliza wezi wameelekea wapi. Sikuwa na pumzi ya kujibu hata neno. Nikainua mkono kujifuta jasho, wao wakadhani naonyesha njia. Wakaondoka kwa kasi kuelekea vilimani.

Wamerudi saa saba mchana, na njaa yao na hasira zao. Nikaeleza kwamba nilikuwa nakimbia kwa ajili ya afya. Mzee Nyangwine aliuliza afya ya nani. Wazee wakakaa kidogo, wakaamua: aliyesababisha yowe la bure atoe beberu. Akachinjwa hapo hapo uani kwangu. Na anayetozwa lazima ale pamoja na wenzake, ili ijulikane hana kinyongo. Sina kinyongo hata kidogo. Nilithibitisha kwa mbavu nne na sehemu ya mguu.

Mazoezi nimeyaacha, kwa usalama wa kijiji.

Alhamisi, 12 Juni

Mayai mengine kumi na manane. Jumatatu pia yalikuja hivyo hivyo. Leo nilisoma huku nimefunika mdomo kwa kitabu, na ile sentensi ya kwamba yai huongeza maziwa ya mama nikairuka kabisa. Bibi Boke kasinzia. Hakuna aliyekula. Nesi alipita mlangoni, akauliza maendeleo. Nikamwonyesha daftari. Kafurahi, kasema hakutegemea wanawake wa huku wabadilike upesi namna hiyo. Nikamjibu kwamba inategemea msomaji.

Stanslaus kasema kabati linanuka. Nikamwambia ni gundi ya vitabu, asiyesoma hawezi kuijua.

Jumatano, 18 Juni

Leo siku ya kujinyima. Chinsaga tupu kutwa nzima, ile mboga yetu chungu, bila ugali, bila maziwa. Nesi anaisifu sana. Yeye anaisifu halafu anakwenda kula ndizi zake.

Saa tano nilikwenda kukagua vitabu. Nilikagua manne.

Jioni Robi kaniuliza kama ni kweli wanawake wa mikoa mingine wanakula mayai na watoto wao wana nywele. Nikamjibu kwamba swali hilo ni zito, linahitaji utafiti. Alikuwa anambadilisha Gati titi, huku na huku, na mtoto analia kwa sababu maziwa hayatoshi. Hilo liliniuma. Kweli liliniuma. Nilikuwa na mayai mawili mfukoni, nikayashika, nikataka kumpa pale pale. Halafu nikakumbuka mwiko. Kwa nini nimtwishe mke wangu mzigo wa namna hiyo? Nikatoka nje kutafakari. Nilijisikia vibaya mpaka nikamaliza la pili.

Alhamisi, 26 Juni

Siku ya sauti halisi. Nimeoga, nimevaa koti. Nikasimama, kifua mbele, nikasoma kama msomaji wa taarifa ya habari redioni. Sikuruka hata nukta. Damu, nguvu, mifupa, maziwa ya mama! Nilipofika kwenye mtoto anayelia kwa sababu mama yake hana maziwa, sauti ilinikatika yenyewe. Si maigizo. Nilimwona Robi amekaa mbele yangu, Gati mgongoni, ananisikiliza kama siku zile nilipokuwa namfundisha kusoma kwenye darasa la watu wazima.

Robi ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Akamenya yai, akalitazama, akala. Akachukua la pili. Hapo Bibi Boke akasema yeye hatazaa tena, hata kipara hakimhusu, akatia yai zima mdomoni. Akatafuna. Akauliza kwa nini waume zao walikuwa wanawaficha kitu hiki miaka yote. Basi! Kumi na manane yote yakaisha kabla sijafunga kitabu. Bibi Boke kaokota hata vipande vya kiini vilivyoanguka mezani.

Nina fahari isiyo na kifani. Nina njaa pia. Lakini ushindi ni wangu, na zimebaki kurasa tisa tu za riwaya. Nazitunza kwa ajili ya Jumamosi jioni, kujipongeza.

Jumamosi, 28 Juni

Niandike upesi, niyamalize.

Bwana Elimu kafika saa nne. Hotuba yangu nzuri. Kina mama wamekula mayai mbele yake, makofi, Bibi Boke kaomba la tatu. Bwana Elimu kanishika mkono, kaniita Ndugu Nikolaus, kasema mimi ni mfano wa wilaya. Stanslaus alikuwa anatafuna kucha. Hapo ndipo siku ingeisha, kama ulimwengu ungekuwa na haki.

Lakini Nesi kaleta daftari lake la uzito. Nilikuwa nimelisahau! Wote tena kwenye mizani ya pamba. Kina mama, kilo zile zile. Robi kapungua kilo moja. Mimi themanini na tisa. Stanslaus kaisoma mara tatu, safari hii kwa kuimba.

Bwana Elimu kachukua daftari langu. Kasoma kwamba kikundi kimekula mayai mia moja na nane tangu tarehe tano, ukiacha ya juzi. Kauliza, kwa adabu, kama kina mama wanakubaliana na hesabu hiyo. Bibi Boke kajibu kwamba wao yai wamelionja juzi tu, mengine walikuwa wanaacha mezani kwa ndugu kiongozi. Bwana Elimu kaomba ufunguo. Katoa vitabu vya kilimo. Nyuma ya vitabu hivyo maganda, safu nzima. Kafungua riwaya, kiini cha yai ukurasa wa arobaini na saba, kimekauka.

Bibi Boke kacheka mpaka akakaa chini. Wengine wakamfuata. Robi hakucheka. Alinitazama tu, halafu akamtazama Gati, nikatamani ardhi inimeze pale pale. Nilisema samahani.

Ufunguo umeondoka shingoni mwangu. Stanslaus tayari kanyoosha mkono. Kina mama wakakataa! Wamesema wanamtaka mtu anayesoma na anayekula anachokisoma. Kura kumi. Ufunguo kapewa Robi. Na sanduku la vitabu litaletwa, kwa sababu kikundi kweli kimepiga hatua, ni kiongozi tu aliyepiga ya kwake.

Adhabu yangu imepangwa na Bibi Boke: kila Jumatatu na Alhamisi nitawapikia kina mama mayai. Mwanamume mzima, jikoni! Wakila, nisimame niangalie, nisiguse hata moja.

Jumanne, 1 Julai

Jana nimepika mara ya kwanza. Moshi machoni. Stanslaus kapita dirishani mara nne, eti anatafuta mfuko wa pamba. Nimefurahi kwa jambo moja: ufunguo hana.

Unalala nyumbani kwangu, shingoni mwa Robi. Nimemwomba riwaya, zile kurasa tisa tu. Kasema imeazimwa. Nikauliza na nani. Kasema na yeye. Leo asubuhi kaimaliza, Gati titini, ananyonya mpaka maziwa yanamwagika shingoni. Sijamwona mtoto ameshiba namna ile, na nilisimama mlangoni nikiwatazama kwa muda mrefu. Kisha Robi kafunga kitabu, kaniambia kwa utulivu kabisa kwamba aliyemuua tajiri ni mpishi. Kurasa tisa, zimekwenda!

Nimekubali makosa. Mbele ya Nesi nimesema nimejifunza, na ninaamini nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kuficha. Mtu asifiche. Afanye kazi yake waziwazi, kwa mujibu wa cheo chake.

Sasa, cheo changu ni mpishi. Na mpishi yeyote, hapa au Bukoba, lazima aonje, la sivyo chumvi itazidi na kina mama wataugua. Tatizo ni kwamba yai la kuchemsha halionjeki, ukiling'ata tu linaonekana limepungua. Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi. Alhamisi nitawaeleza kina mama, kwa sauti yangu halisi, faida za yai la kukaanga.