Mkondo Uliopanda Kilima

Kuanzia Jumatatu, maji yote yaliyo chini ya ardhi kati ya Kitale na Bungoma yalitakiwa kutiririka kwa kufuata ramani iliyoidhinishwa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Kurugenzi ya Maji Yasiyoonekana, likiwa na mihuri mitatu, na Mkurugenzi Kiplagat alilisoma mara mbili kwa sauti, maji yenyewe yasije yakadai hayakuarifiwa.

Ramani hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta na mtaalamu Chesang, aliyezunguka wiki sita na kamba ya kupimia, akichungulia visima mia mbili na kumi. Mwanzoni mshale wa buluu, yaani mkondo mkuu, ulipita mtaa wa Tuwan, chini ya kisima cha Mama Wilkista, ukateremka hadi Bungoma. Mkurugenzi aliutazama kwa masikitiko. Serikali ingechimba kisima kirefu palipo na buluu, naye alikuwa amejenga ghorofa juu ya kilima, mahali palipokosa buluu kabisa.

"Chesang, huu mshale hauwezi kupinda kidogo?"

"Maji hufuata mteremko, mkurugenzi."

"Mteremko umeajiriwa na nani?"

Chesang alipekua kanuni za utumishi, kisha akafungua kompyuta. Mshale ukapanda kilima. Mkurugenzi akatia sahihi ramani pamoja na kanuni zake, ambazo alizisoma zote isipokuwa kifungu cha tisa. Hicho kiliombwa na Bungoma, na mambo ya Bungoma hayakumhusu.

Kilichobaki ni kuziba kisima cha Tuwan, kisiendelee kubishana na kompyuta. Kisima hicho kilinywesha kitalu cha miche ya parachichi cha Mama Wilkista na nusu ya mtaa. Mkurugenzi alipofika, mama huyo alivuta ndoo, ikaja imejaa.

"Na hii ni nini, mheshimiwa?"

"Huo ni unyevu usioidhinishwa."

"Si uonje basi."

Jua lilikuwa kali. Mkurugenzi akanywa kikombe kizima, akafuta mdomo, akaeleza kwamba kiofisi hajanywa.

"Kwa hivyo hapa kwangu hakuna maji?"

"Hakuna."

"Niandikie."

Aliandika kwa fahari, akapiga muhuri. Mama Wilkista aliisoma barua taratibu, kama mtu aliyesahihisha insha za darasa la saba kwa miaka thelathini.

"Basi hiki si kisima. Ni shimo. Na mashimo si ni kazi ya watu wa barabara?"

Mkurugenzi alilazimika kukubali. Katika kumbukumbu zote za mji, watu wa barabara hawakuwahi kuziba shimo lolote.

Wiki iliyofuata tingatinga lilipanda kilima kutoka Bungoma. Ofisa Wabwile alishuka na kifungu cha tisa mkononi: jengo lolote lililo juu ya mkondo mkuu libomolewe, ili wanaokunywa huko chini wasiletewe uchafu.

"Hapa hakuna hata tone!" alilia Mkurugenzi. "Maji yako Tuwan, kwa yule mama!"

"Mimi nafuata ramani, ndugu yangu. Sahihi si ni yako? Mlete huyo mama aandike kwamba ana maji, nami nitageuza tingatinga."

Mkurugenzi alifika Tuwan kwa bodaboda, koo limekauka. Mama Wilkista alikuwa akinywesha miche.

"Mama, andika mstari mmoja tu. Andika kwamba una maji."

"Maji? Pole sana, mheshimiwa. Huu ni unyevu." Akamjazia kikombe. "Lakini kunywa tu. Kiofisi hutakuwa umekunywa."