Bi Mgeni Kichwa Chini

Jumatatu, 5 Juni 1972
Sauti moja haijanitoka sikioni: kengele ya mlango wa Ngina, muuza herini kama sisi, wa ng'ambo ya barabara. Hulia kila anapoingia mteja. Sisi hatuna kengele, wala wa kuiliza. Shangazi Mwanasha asema wiki ikiisha hivi tunafunga duka, twarudi Mombasa, mimi pamoja naye. Na nafasi yangu Chuo Kikuu hapa Nairobi? Haiwezekani.

Dawa ninayo. Mzungu anayehama Kitisuru kaniuzia kioo kikubwa cha kunyolea, kilichobonyea katikati. Nimenasa taswira ya dirisha kwenye karatasi, nikapima umbali wake kutoka kwenye kioo. Mteja akikaa karibu na kioo kuliko hapo, sikio litaonekana kubwa, wima, na herini kama sahani. Kiti tayari.

Jumatano, 7 Juni
Nilisahau salamu. Mteja wetu Bi Mgeni haketi kabla ya kusimama mlangoni na kuulizia watu wote wa Mombasa, mmoja mmoja. Mlango uko mbali mno na kioo. Alipofika kumuulizia mjomba Sharif aliinua macho, akajiona miguu juu. Akamuuliza Shangazi amemkosea nini hata amtundike kama popo. Nikamtuliza kuwa taswira ile iko mbele ya kioo, hewani, na ni halisi. Akasema hilo ndilo linalomtisha. Hakununua.

Alhamisi, 8 Juni
Kioo bapa, basi. Ukuta wote wa nyuma. Taswira hukaa nyuma ya kioo, mbali sawa na mtu aliye mbele yake. Duka mara mbili!

Jioni. Wateja wawili wakawa wanne. Wapita njia walichungulia, wakasema mmejaa, mama, tutarudi, wakavuka kwa Ngina. Shangazi amesema, kwa upole wa kuogofya, kwamba mwanangu, elimu yako itatuua.

Jumamosi, 10 Juni
Duka limefungwa. Shangazi anaondoka kesho. Ngina amekuja akicheka. Amesema msichana aliyemjazia duka hakosi kazi kwake, wala kitanda nyumbani kwake Kinoo. Shangazi akamjibu mchukue, dada, ila umfiche kila king'aacho. Nabaki Nairobi.

Ngina ameniachia duka, ametoka kwenda sokoni. Nimetafakari. Vioo havikukosea, umbo ndilo lililokosea. Kioo kilichobinuka kuja mbele humwonyesha mtu wima popote asimamapo, hata mlangoni. Herini huonekana kama punje za mtama, ni kweli. Nimepata kimoja, nimeshakipigilia ukutani kwa Ngina.