Kabichi ya Zambarau na Tundu la Sindano

Jumatatu, 4 Machi
Aibu ya mwaka! Nimeshona mfuko wa suruali kwenye goti. Mteja kaivaa, kaketi, kauliza hapo ataweka nini. Bosi hakucheka. Kasema Ijumaa mimi na fundi mwenzangu Mama Miwani tutashona sare nyeupe za wauguzi, na atakayeshona vizuri ndiye atakayebaki na cherehani ya dirishani. Cherehani yangu! Miaka kumi na mmoja naipaka mafuta kwa mkono wangu. Mama Miwani akanishauri nikapime macho. Nikamwambia macho yangu mazima, sindano za siku hizi ndizo zina matundu ya kubania.

Jioni nimeokota jarida la afya kwa kinyozi. Herufi kubwa: POLIFENOLI, RANGI ZA MIMEA NA AFYA YA MACHO. Picha za kabichi ya zambarau, zabibu nyeusi, vitunguu vyekundu. Herufi ndogo nimewaachia wenye nafasi. Kwisha habari ya Mama Miwani!

Jumanne, 5 Machi
Kabichi asubuhi, mchana, jioni. Maganda ya vitunguu nimechemsha, nimekunywa. Mke wangu kahamia chumba cha watoto. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumatano, 6 Machi
Tumbo. Siandiki zaidi.

Baadaye: nimejaribu kutunga uzi mara arobaini. Ya arobaini na moja, umepita! Binti yangu kasema nimeupitisha kwenye kifungo. Si haba.

Alhamisi, 7 Machi
Njia ya tumboni ni ndefu mno. Nimekamua kabichi, nikajipaka kwenye kope kwa vidole vyote kumi. Majirani wameuliza nani kanipiga. Mke wangu kawajibu si yeye, bado.

Ijumaa, 8 Machi
Binti kanitungia sindano nyumbani, nikajipaka tena kabichi, nikaenda kifua mbele. Nikashona kwa madaha. Bosi akaja, akauliza alama hizi za vidole ni za nani. Nikamuuliza alama zipi.

Mama Miwani alikuwa ameshamaliza yake. Akachomoa miwani ya akiba mkobani, akanivisha mwenyewe.

“Vaa, mwenzangu,” akasema. “Hata mimi nilikataa miaka mitatu. Cherehani naitaka, lakini si kwa namna hii.”

Loo! Sare nzima zambarau, kola hadi pindo. Mkono mmoja nimeushonea kwapani. Na kumbe bosi ana masharubu! Nilikaribia kulia. Mama Miwani akaniombea msamaha, bosi akanipa hadi Jumatatu nishone upya.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Macho yamefunguka jana saa nne asubuhi, siku ya nne ya kabichi. Sadfa? Thubutu! Maskini Mama Miwani anadhani ni miwani yake. Nimemrudishia, nimemshukuru kwa heshima zote. Akatikisa kichwa, akaenda kupima urefu wa kiti changu cha dirishani.

Jumatatu watanitambua. Nimeongeza dozi, kabichi tatu sufuriani. Mbili zimelainika, ya tatu inagoma kuiva. Mke wangu anasema huo ni mpira wa watoto wa jirani. Wivu tu.