Ofisi Iliyohamia Ng'ambo

Jumatatu, 4 Machi
Tangu tubadilishe kampuni ya intaneti, kompyuta zote za ofisi zinaamini tuko mji mmoja wa ng'ambo. Anwani ya IP tuliyopewa, yaani namba inayotutambulisha mtandaoni, ilikuwa ya watu wa huko, na kumbukumbu za nani yuko wapi hazijasahihishwa. Tunatangaziwa makoti ya baridi huku tunatokwa jasho. Benki inamfungia nje mhasibu, ikidhani ni mwizi. Ananitazama mimi, fundi wa ofisi, kama mwizi ni mimi. Mkurugenzi kasema nirekebishe kabla ya Ijumaa, la sivyo analeta fundi wa nje.

Sijamwambia mtu kwamba mji huo ndio anaosoma binti yangu. Kila asubuhi kioo cha kompyuta kinanionyesha hali ya hewa ya kwake. Namwandikia: mwanangu, chukua mwavuli. Anauliza nimejuaje. Baba anajua! Zamani tulisalimiana mara moja kwa mwezi, tena juujuu. Ningeweza kuutafuta mji wake kwenye simu, lakini hii inakuja yenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Dawa ni kuziandikia kampuni zinazotunza kumbukumbu za anwani, kuzieleza tulipo, kisha kusubiri. Nimeandikia moja, iliyo ndogo kuliko zote. Nimemwambia mkurugenzi kwamba mambo haya hayataki pupa. Huko kwa binti yangu, ukungu.

Jumatano, 6 Machi
Mhasibu kanishtaki. Mkurugenzi kanitajia jina la fundi wa nje. Nikaona kazi inaniponyoka. Nimewaomba shangazi, shemeji na mjomba nao waziandikie kampuni hizo kuomba marekebisho, tuonekane wengi.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Palipoulizwa "uko wapi", kila mmoja kajaza kwake. Ramani sasa inaonyesha ofisi iko shambani kwa shangazi, karibu na banda la kuku. Mhasibu kaichapisha na kuibandika mlangoni. Shangazi kapiga simu kuuliza wageni wanafika lini.

Ijumaa, 8 Machi
Mhasibu kaipigia simu kampuni ya intaneti, kaomba kwa adabu, wakarekebisha wenyewe kila mahali. Simu moja! Benki imefunguka. Mkurugenzi kampongeza mbele yangu. Kazi imenusurika, sura haikunusurika.

Jumatatu, 11 Machi
Kioo kinasema hapa ni jua. Hilo hata dirisha linajua.

Mchana binti yangu kaandika kwamba kalowa chapachapa, mbona leo sikumwambia. Nikamweleza yote. Kacheka sana. Kisha akasema: baba, nipigie tu asubuhi, nitakuambia mwenyewe kama kunanyesha. Napenda kusikia sauti yako.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Nimelia kidogo, nikamsingizia mhasibu na manukato yake.

Lakini kumpigia mtoto kila asubuhi ni kumsumbua. Nimeziandikia kampuni zote kwamba ofisi yetu imehamia ng'ambo. Shangazi, shemeji na mjomba wanasaidia. Safari hii nimewaandikia kabisa mji wa kujaza.