Ng'ombe wa Siku Nne

Jumatatu, 18 Agosti

Ushindi u karibu! Asnath, mwalimu wa jiografia, kasema Jumapili atanijibu kama niende kwao kujitambulisha. Miaka mitatu tangu niletwe Kasulu kutoka Morogoro kufundisha baiolojia, hakuna mwanamke aliyewahi kuniahidi hata jibu. Tatizo ni Nurudini wa duka la saruji, anayemsalimia kila asubuhi kwa sauti ya mtu mwenye saruji. Mimi nina kitanda, jiko la mkaa na suruali tatu.

Lakini nina sayansi. Nimesoma kwenye simu habari za saikolojia ya mageuzi: tangu enzi za kuwinda, mwanamke huchagua mwanaume mwenye mali ili watoto wasife njaa. Imo kwenye damu. Basi nahitaji mali kabla ya Jumapili.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeaga shuleni kwamba naumwa jino. Nikaenda Nyakitonto kwa Mzee Athuman, mwenye zizi kubwa. Nimemwachia baiskeli yangu, kanipa ng'ombe mmoja mwekundu mpaka Jumamosi. Akanionya nimtunze, huyo ni ng'ombe wa watu. Nikamjibu kwamba hata mimi ni mtu. Tumerudi kwa miguu kutwa nzima. Sina hakika nani alikuwa anamswaga mwenzake.

Alhamisi, 21 Agosti

Ng'ombe kala mchicha wa mke wa mkuu wa shule. Wote! Nimeomba radhi mara nne.

Lakini Asnath kapita. Kasimama, kamtazama ng'ombe kwa muda mrefu, kauliza nimempata wapi. Nikasema nimemlea kwa mikono yangu tangu ndama, baada ya mama yake kuumwa na nyoka akafa. Nyoka sikumpanga, alikuja mwenyewe. Asnath akauliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Akasema pole sana, na midomo ikamtetemeka. Mageuzi yanafanya kazi!

Ijumaa, 22 Agosti

Wakati wa chai nimewaeleza walimu nadharia yangu. Asnath akaweka kikombe chini. Akauliza hao wataalamu waliwauliza wanawake gani, wenye mashamba yao au wanaongojea kupewa? Maana mtu aliyenyimwa jembe ukimuuliza anamtaka nani, atakwambia mwenye jembe. Hiyo si damu, ni njaa. Tena akasema walimtazama sana mwindaji na mkuki wake, wasimwone bibi aliyechimba mizizi ikalisha ukoo mzima siku mwindaji aliporudi mikono mitupu, yaani siku nyingi. Bibi huyo naye alikuwa anachagua: nani atambeba mtoto, nani hamdanganyi.

Walimu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa mazoea. Ni maneno tu. Midomo ya jana niliiona mwenyewe.

Jumamosi, 23 Agosti

Aibu. Aibu tupu. Sijui niandike nini.

Asnath kaja na mama yake kutoka Muyama, Mama Vestina. Nimepiga makofi ya heshima kama Waha wanavyosalimiana, nikamwamkia mwakeye mama, yote vizuri. Kisha nikaanza kisa cha ndama na nyoka. Mama akamwita ng'ombe: Gaju! Ng'ombe akaja mbio, akamlamba mkono.

Ni wa Asnath. Alizaliwa zizini kwa Mama Vestina, Asnath akamnunua kwa kahawa aliyolima mwenyewe, akampeleka kwa Mzee Athuman atunzwe. Mzee anakunywa maziwa, ndama wanagawana. Ndivyo watu wanavyofuga huku: ng'ombe wako analala kwa mwenzako. Miaka mitatu niko hapa, sijawahi kuuliza! Mama akataka kujua ni ng'ombe gani aliyeumwa na nyoka, maana leo asubuhi kamwacha mama yake Gaju nyumbani anakula majani. Nilitamani ardhi ipasuke. Afadhali angecheka. Alinionea huruma, ndiyo iliyoniumiza. Wameondoka na Gaju.

Jumapili, 24 Agosti

Asnath kaja baada ya ibada kunipa jibu, kama alivyoahidi. Hapana. Akasema ng'ombe anaye tayari, alichokuwa anatafuta ni mtu. Alhamisi aliniuliza mara mbili ili nipate nafasi ya kusema kweli, nami nikaongeza uongo. Nikauliza, je, bila ng'ombe? Akasema mpaka Jumatano jibu lake lilikuwa ndiyo. Ndiyo! Pamoja na suruali tatu! Nimelia mbele yake, mtu mzima, mwalimu wa watu. Akanipa leso, akaenda zake. Sijawahi kujidharau hivi.

Nimekaa mpaka saa kumi nikitafuta kosa langu. Nimelipata. Kosa lilikuwa ile nadharia ya mali, imepitwa na wakati. Asnath mwenyewe alishasema Ijumaa: mwanamke huchagua mwanaume anayebeba mtoto. Sayansi mpya kabisa! Jirani yangu Divine ana mtoto wa miezi minane, mnene, halii ovyo. Kakubali nimbebe mgongoni Jumapili ijayo, saa ya Asnath kutoka ibadani. Nitasema ni yatima wa dada yangu.