Krismasi Bila Waya

Jumamosi, 6 Desemba

Umbilo, huku ugenini kusini mwa Afrika. Joto kama ndani ya sufuria. Beverly amepiga simu. Mwanangu wa pekee, mwaka wa tatu chuoni, na Krismasi anataka kula kwa kina Serge, mpenzi wake, kule Queensburgh! Serge ni kijana mzuri, ana adabu, simpendi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema eti kanisani kwetu Krismasi ni kelele tu, spika zinampasua kichwa. Nikakata simu, nikalia kidogo. Kisha nikafikiri.

Spika ni za Mama Colette, yule Mkongo. Ana saluni hapo barabarani, ndiye anaongoza kwaya, na kinanda chake kina vitufe vingi kuliko vya ndege. Kila Krismasi ni yeye. Mimi naleta mandazi.

Lakini dawa ninayo. Nyimbo za Krismasi za kantri! Gitaa lisilo na waya, banjo inayotekenya, fidla inayolia kama mtu aliyefinywa, na mzee anaimbia puani kwamba theluji imefunika njia na mama bado yuko mlangoni na taa. Theluji nimeiona kwenye friza ya bosi wangu tu. Lakini nikisikia hapo kwa mama na taa, kwisha mimi. Kwetu Kitale, redio ilizipiga tangu alfajiri ya Krismasi, baba anachinja kuku na kofia yake pana kichwani. Na Beverly, alipoota meno, hakuna kilichomnyamazisha ila hizo. Akizisikia kanisani, atabaki kwangu. Mpango tayari!

Jumapili, 7 Desemba

Nimemwendea Pasta Jean-Bosco baada ya ibada. Nikamweleza kwamba huu ni muziki mtulivu, hauhitaji waya, hata Yesu alizaliwa bila waya. Akacheka. Akasema atanipa dakika tano, mwisho kabisa, baada ya matangazo, kama muda utabaki. Matangazo yetu husomwa kwa lugha tatu! Muda haujawahi kubaki tangu kanisa lianze.

Mama Colette alikuwa anatega sikio. Nikamchezea wimbo mmoja kwenye simu, kwa upendo. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Pole sana, Mama Beverly. Ndani ya hii wimbo, nani alikufa?"

Kwaya nzima ikaanguka kwa kicheko. Nami nikacheka. Kwa meno tu.

Ijumaa, 12 Desemba

Bendi imepatikana. Kuna Omwenga, Mkenya mwenzetu, anasomea udaktari wa udongo, sijui huo udongo unaugua nini. Anasema amepiga gitaa tangu sekondari. Nafasi ya mazoezi hana, atanitumia sauti kwa WhatsApp. Sharp, yaani sawa kwa lugha ya huku.

Banjo nimepewa na Bi Matilda, bosi wangu wa Morningside. Ilikuwa ya marehemu mumewe, imekaa juu ya kabati miaka kumi na moja. Nimeipangusa na mafuta ya fanicha. Nani ataipiga? Mimi. Nyuzi ni tano, vidole ninavyo kumi.

Jirani wa juu anagonga sakafu. Nadhani ananishikia mdundo.

Jumatano, 17 Desemba

Wazo! Limenijia nikisugua choo cha Bi Matilda.

Mimi ndiye ninayeingiza tokeni ya stima ya ukumbi wa kanisa, kwa sababu naishi ng'ambo ya barabara. Mhazini ananitumia zile namba ishirini kwa simu, mimi naenda kuzibonyeza kwenye mita. Sasa, namba zisipobonyezwa? Kwaya iko katikati ya wimbo, puu! Kinanda kimekufa. Spika zimekufa. Mama Colette amebaki anafungua mdomo kama samaki. Watu wanahangaika. Na ni nani huyo anayeinuka polepole na chombo kisicho na waya?

Si dhambi. Siibi kitu, siharibu kitu. Sibonyezi tu.

Nikampigia Beverly, nikamwambia mwaka huu zile nyimbo zake za meno zitapigwa kanisani. Akasema, "Kweli, Mama?" kwa ile sauti yake ndogo. Atakuja ibadani, kisha ataamua atakula wapi.

Ataamua!

Jumanne, 23 Desemba

Namba zimefika. Nimezisoma mara mbili, nikaficha simu chini ya mto. Mita imebaki na yuniti kumi na nne. Taa, feni, kinanda: itakata kwenye wimbo wa pili. Shule niliachia darasa la sita, lakini hesabu hii iko wazi.

Alhamisi, 25 Desemba

Eish.

Hesabu haikuwa na jiko. Akina mama walianza kupika mbuzi tangu saa kumi na mbili asubuhi, majiko mawili ya stima, na birika lile kubwa la chai. Umeme ulikata Mama Colette akiwa wimbo wa kwanza, ubeti wa kwanza. Feni zikasimama. Nami nikasimama. Banjo mkononi. Nikampa Omwenga ishara. Akafungua mfuko wake.

Gitaa jekundu. Bapa kama ubao wa kukatia sukuma wiki. Na waya mrefu mweusi! Akaniuliza kwa adabu zote, "Mama, soketi iko wapi?"

Wiki mbili nasikiliza sauti zake kwa simu, sikuwahi kuuliza.

Basi nikapiga peke yangu. Uzi wa tatu ukakatika hapohapo, ukanichapa kidevu. Mtoto wa kiti cha mbele akaanza kulia.

Mama Colette hata hakukitazama kinanda. Akavua viatu. Akapiga makofi mara tatu. "Bamama! Midomo tuko nayo ao hapana?" Wanaume wakageuza viti vya plastiki vikawa ngoma. Sauti nne, waya hata mmoja hakuna, ukumbi mzima juu, jasho, vilemba vinaanguka. Niliwaambia walio karibu kwamba huo si muziki usio na waya, ni kelele iliyokosa stima. Hakuna aliyenisikia.

Nikamtafuta Beverly, nimpoze kichwa chake. Kwenye kiti hayupo. Yuko mbele na kwaya! Anapiga kiti kwa viganja viwili, anacheka vile sijamwona akicheka tangu aende chuo.

Mbuzi alikuwa mbichi katikati. Mhazini akatoa simu yake mbele ya Pasta: namba zilitumwa Jumanne, na alama mbili za buluu kuonyesha nimesoma. Nikasema simu yangu ina virusi. Pasta akanisamehe papo hapo, kwa sauti kubwa, kwa lugha tatu.

Fidia ikawa nyama imaliziwe jikoni kwangu, kwa stima yangu. Watu thelathini katika chumba kimoja na nusu! Mama Colette alikaa kitandani kwangu, juu ya shuka la wageni. Beverly alikula hapahapa, goti lake limegusa langu, akaongeza mara mbili. Serge hakumtaja.

Lakini aibu, jamani. Aibu!

Jumamosi, 27 Desemba

Beverly amejiunga na kwaya ya Mama Colette. Mazoezi ni kila Jumamosi saa nane, kwa hiyo kila wiki atakuwa anatoka chuo, analala kwangu, Jumapili tunakwenda ibadani pamoja. Alinieleza akiwa na furaha, akanibusu paji la uso.

Yaani huyu mwanamke amenichukulia mtoto! Kwa viti vya plastiki!

Kazi ya tokeni nayo amepewa huyohuyo Mama Colette. Pasta hakutaka nijisikie vibaya, kwa hiyo amenikabidhi jukumu jingine: ufunguo wa ukumbi. Kila Jumamosi saa saba na nusu niwe nimeshafungua. Akanisisitizia niutunze sana, upo huo mmoja tu.

Nimeutunza. Uko ndani ya kopo la unga, chini kabisa. Nyumba yangu ni ndogo, vitu vinapotea.