Bayingana Asile

Jumatatu asubuhi, kahawa haijachemka kwenye kibaraza changu hapa Rwezamenyo, Redio alifika anahema. Tunamwita Redio kwa sababu habari humfikia kabla ya wenye habari.

"Bayingana amepelekwa kwa wendawazimu."

"Bayingana fundi cherehani? Si alikwenda kupasuliwa ngiri?" aliuliza Breki, dereva asiye na gari.

"Alikwenda. Daktari, yule Mtanzania, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa kitanda: ASILE. Yaani asile kitu, kesho kisu."

"Sawa."

"Nesi wa zamu Kiswahili hajui. Akasoma Kifaransa."

Musiyo, aliyesomeshwa na mapadri mpaka wakamchoka, aliweka kikombe chini. "Asile. Kwa Kifaransa hiyo ni nyumba ya wendawazimu."

"Basi akapakiwa."

"Nesi hakuuliza?"

"Amuulize nani? Siku hizi vyama vingi, bwana. Daktari iko na chama chake, nesi iko na chake. Mgonjwa ndiye sanduku la kura."

"Na Bayingana alinyamaza tu?"

"Alisema sana. Kwamba ana njaa, ubao umemkataza kula, na anangoja kukatwa tumbo. Wakaongeza kamba."

Nilimwomba Mungu msamaha, maana nilicheka. Kisha nikawaambia, "Ile ngiri ikijisokota itamuua huko huko. Nendeni mkamtoe. Lakini mkubaliane kwanza nani atasema."

"Nitasema mimi, kwa Kifaransa," alisema Musiyo.

"Kifaransa ndicho kilichomfunga," alisema Breki.

"Habari ni yangu," alisema Redio.

Wakaondoka, wanagombana mpaka kona ya msikiti.

Alasiri Bayingana alitokea peke yake, amejifunga shuka la hospitali, ameshika tumbo.

"Fundi, wenzako wako wapi?"

"Wamebaki. Daktari wa kule aliuliza nani mgonjwa. Musiyo akamweleza kwamba ubao ndio una wazimu. Breki akasema gari anayo, ila haionekani. Redio akaanza habari toka mwanzo. Wote kwa pamoja, Mama Leila. Mimi nikanyamaza. Akaniona mzima, akanifungua. Kamba zangu ziliwatosha watatu."

"Na ngiri?"

"Nimepita kwa Mtanzania. Ni kesho asubuhi."

Akavuta sahani ya chapati. Nikaiondoa.

"Kama ni kesho, basi mgonjwa asi—"

Akageuka haraka kutazama barabara yote, juu na chini.

"Mama, neno hilo nionyeshe kwa mkono tu."